Injini Uani, Mjane Ndani

3 Machi

Nimeanza kuandika kwa sababu mdomo umechoka. Tangu tumzike Salumu kila anayeingia ananiuliza naendeleaje, namjibu alhamdulillahi, na neno hilo nimelitumia hadi naona haya nikilitamka. Humu sitaulizwa.

Mume wangu alifariki katikati ya Februari, asubuhi, ameketi kwenye kiti cha plastiki uani, kitambaa cha kufutia mkononi. Moyo, wakasema. Sasa nimo ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi sitoki getini, sijitii manukato, sivai rangi za kung'aa, sikai na wanaume wasio maharimu zangu. Wifi yangu Mwajabu, dada mkubwa wa Salumu, amehamia hapa kwetu Mtongani kunikalia. Ni mwanamke wa msimamo. Akikunja uso hata paka anarudi alikotoka.

Uani kuna injini. Ni ya mashua yetu ya tanga, ile ya fiba aliyoinunua kwa mwalimu wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao, akawa anapelekea wageni kisiwani Mbudya. Upepo ukikata, au akitaka kuingia kwenye mkondo, anawasha injini. Miaka kumi na moja nimekuwa naijua sauti yake kutoka jikoni. Nikiisikia inakohoa mdomoni mwa mkondo nainjika chai, na chai ikichemka Salumu yupo mlangoni anavua viatu. Mwaka jana kabla ya vuli akaing'oa, akaileta nyumbani kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na kuifungua yote. Siku mbili tatu tu, alisema. Amekufa ikiwa vipande ndani ya mabeseni yangu matatu na sufuria yangu ya pilau.

7 Machi

Funga na joto. Mvua bado.

9 Machi

Talha, mdogo wake Salumu, alikuja. Alikaa sebuleni, mie nyuma ya pazia, Mwajabu katikati kama mwamuzi wa mpira.

Amepata mnunuzi wa mashua. Mtu ana sehemu yake ya kuchoma nyama ufukweni, ataikalisha mchangani aifanye kaunta ya chipsi na mishikaki. Hatukujaliwa watoto, kwa hiyo sehemu kubwa ya mirathi ni ya kwake na dada yake, na sina ubaya naye kwa hilo. Lakini ndani ya mashua ile kuna kitanda chembamba Salumu alichokuwa akijilaza mchana wageni wakiogelea. Nikawaona akilini watu wamepanga foleni juu yake wakidai pilipili na kachumbari.

"Na injini?" nikauliza.

"Ile chuma chakavu, shemeji. Nitamwita kijana wa mizani aje aibebe."

"Ikinguruma je?"

Talha akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kwa uchovu tu. "Shemeji, Salumu mwenyewe imemshinda. Haya. Ikinguruma kabla hujatoka eda, mashua siuzi. Wallahi."

"Umesikia, dada?" nikamwuliza Mwajabu.

"Nimesikia," akasema, na kwa namna alivyosema nilijua amesikia pia upuuzi wangu.

Sijui kilichonituma. Mie ni fundi cherehani. Mashine yangu kubwa kuliko zote ina pedeli.

10 Machi

Mwajabu amempigia sheikhe simu kuuliza kama mjane anaruhusiwa kufungua nati. Sheikhe kajibu kazi ndani ya nyumba yake haikatazwi, ilimradi stara iwepo. Mwajabu akauliza tena: na dizeli je, si nayo inanukia? Nimemsikia sheikhe akicheka hadi akakohoa. Dizeli si manukato. Limepita.

12 Machi

Jirani yetu Praygod, sisi tunamwita Baba Blessing, ni fundi wa majenereta, ana karakana Mikocheni. Mwajabu hataki mwanamume uani. Basi tumekubaliana hivi: jioni akirudi kazini anaweka stuli upande wake wa ukuta, anaketi, na mie nakaa upande wangu na mabeseni. Haoni kitu. Mie ndiye macho, yeye ndiye mdomo, na mdomo anao.

"Sista, shika hiyo pistoni. Imekaaje?"

"Kama kikombe kilichopinduliwa."

"Safi. Pitisha kucha pembeni, unahisi mikwaruzo?"

"Ipo, lakini kucha hainasi."

"Basi hiyo nzima. Hebu sasa ingiza kidole ndani ya silinda, juu kabisa. Kuna ngazi?"

Kulikuwa na ngazi nyembamba, kama ukingo wa pindo lililopigwa pasi. Nikamwambia hivyo.

"Pindo la suruali au la shuka?"

"La shuka."

"Basi inabeba. Ringi mpya tu. Pole sana na msiba, sista, nilikuwa sijakwambia vizuri."

Mkewe Demetria alipitisha bisibisi juu ya ukuta pamoja na sahani ya ndizi za nyama kwa ajili ya futari yetu.

13 Machi

Nimejifunza majina: valvu, nozeli, krenki. Mwajabu anaita yote "madude".

18 Machi

Jambo moja linanisumbua. Vipande hivi ni visafi mno. Kila nilichokitoa kwenye beseni kimefutwa hadi kinang'aa, hata nati ambazo hakuna atakayeziona. Miezi mitano Salumu aliketi uani kila jioni na kitambaa chake. Nilidhani anatengeneza. Kumbe hakuunga chochote, hata bolti mbili hazijashikana. Alikuwa anafuta tu, akimaliza beseni la mwisho anarudi la kwanza.

Watu wakimwuliza alijibu kwamba anangoja ringi, ameziagiza, hazijafika. Mie pia nilijibu hivyo kwa niaba yake, sokoni, msikitini, kwenye mashughuli.

25 Machi

Mvua imeingia kwa fujo. Tumehamishia mabeseni barazani na kufunga turubai. Mwajabu alibeba sufuria ya pilau na valvu ndani yake, akisoma dua kwa sauti.

31 Machi

Idi. Nimevaa dera jeupe lililofifia. Wageni wengi, biriani ya Mwajabu haina mpinzani.

6 Aprili

Leo nimesaga valvu. Unapaka unga fulani wa mafuta, unaikalisha valvu mahali pake, unaizungusha huku na huku kwa viganja kama unayepekecha upekecho kwenye mchuzi wa bamia. Baba Blessing alisema nisimame nikiona duara la kijivu lisilokatika. Lilikatika sehemu moja, nikarudia hadi mikono ikafa ganzi. Halafu likakamilika.

Nimefurahi, na ni mara ya kwanza tangu Februari. Nimeandika ili nisije nikakana.

9 Aprili

Njia za maji zilikuwa zimejaa chumvi ya bahari. Nimeziloweka kwa siki. Nyumba nzima inanuka achari.

14 Aprili

Nimezipata ringi.

Nilikuwa natafuta hiliki. Juu ya kabati la jikoni, nyuma kabisa, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo si langu. Ndani kuna ringi za pistoni, mpya, zimefungwa kwenye nailoni mara mbili, na punje za mchele zimetiwa kunyonya unyevu. Baba Blessing alinipa vipimo na nikazipima kwa utepe wangu. Ni zenyewe.

Kwa hiyo zilifika. Labda zilifika zamani. Mume wangu aliketi uani miezi kadhaa akingoja kitu kilichokuwa juu ya kabati langu.

Mwajabu aliniona nimeshika kopo. Hakuuliza ni nini. Mtu kama yeye, anayeuliza hata bei ya chumvi, hakuuliza.

15 Aprili

Mvua.

16 Aprili

Mvua. Nimemkasirikia Salumu kutwa. Mvivu. Mwoga. Mwanamume mzima anadanganya kwa ringi.

20 Aprili

Pasaka kwa majirani. Demetria kaleta pilau, Mwajabu kaonja, kasema bizari imezidi, kisha kala sahani nzima.

27 Aprili

Leo yamenifika, na nitayaandika yote.

Juzi Bi Salma, mama mmoja tunayeswali naye, alikuja kunijulia hali. Mie nilikuwa nimetoka kwenye mabeseni, nimenawa kwa sabuni ya unga, lakini oili nzito ikishaingia kwenye kucha na mistari ya vidole haitoki. Ncha za vidole vyangu zote ni nyeusi. Nilimpa mkono. Akautazama zaidi kidogo ya kawaida, akanywa chai yake, akaaga.

Leo saa nne wakaingia watatu: Bi Salma mwenyewe na shangazi zake wawili Salumu, waliotoka Mbagala na mvua yote hii. Shangazi mkubwa hakuketi.

"Mwajabu, tumekuweka hapa ufanye nini? Mjane wa mtoto wetu anapaka piko ndani ya eda na wewe unamtazama?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Piko, rangi nyeusi ya maharusi. Mtaa mzima unajua kwamba mke wa Salumu amejipaka piko hata miezi mitatu haijapita. Kumbe ndiyo maana wanawake wawili walinipita dirishani wakainamisha vichwa.

"Lete mikono," shangazi akasema.

Nikaileta. Akanusa. Akafuta kidole changu kwa ncha ya mtandio wake, mtandio ukatoka na doa. Akanusa tena.

"Hii nini?"

"Dizeli, shangazi. Na oili."

Nikawapeleka barazani. Wakasimama mbele ya mabeseni wasijue pa kutazama. Shangazi mdogo alianza kucheka, akajizuia, bega likawa linatikisika. Mkubwa hakucheka. Akauliza mjane anatafuta nini kwenye vyuma vya marehemu. Wanaume hawapo? Talha hayupo?

Na hapo ndipo nilipokosa adabu. Nilisema kwa sauti ambayo Baba Blessing angeisikia hata akiwa Mikocheni. "Mwanamume alikuwepo, shangazi! Aliketi hapo uani miezi mitano akifuta nati! Ringi zilikuwa jikoni anatudanganya hazijafika! Nifanyeje, na mie nikae nifute?"

Mvua ilikuwa inapiga turubai. Shangazi mkubwa akamtazama Mwajabu, na Mwajabu akatazama chini. Katika miaka kumi na moja sijawahi kumwona akitazama chini.

Alingoja wageni waondoke. Wameondoka vizuri, shangazi kanibusu paji la uso, Bi Salma hakunipa mkono. Mwajabu akafunga mlango, akaketi kwenye kile kiti cha plastiki ambacho hakuna aliyekikalia tangu siku ile.

"Wifi," akasema, "kaka yangu hakuwa mvivu. Mwezi wa tisa nilimpeleka hospitali. Daktari alisema moyo umepanuka. Asibebe kizito, asiende baharini. Akaniapisha nisikwambie. Akasema, Raudha akijua atakuwa halali, kila nikivuta pumzi anaihesabu. Wiki iliyofuata akaing'oa injini. Mtu akimwuliza mbona siku hizi hutoki, ana jibu. Injini mbovu. Ringi hazijafika."

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Mtaa unajua?"

"Mie na daktari."

Sikulia. Niliinuka nikafunika mabeseni yote kwa mifuko ya saruji, nikaingia chumbani nikafunga mlango. Alikuwa anakufa mbele yangu na mie nampa chai na kumwambia aondoe vyuma njiani.

28 Aprili

Sina la kuandika.

2 Mei

Mvua. Baba Blessing aliita ukutani. Sikujibu.

5 Mei

Mwajabu anapika, anafua, haniangalii usoni. Mie pia simwangalii. Tunapishana jikoni kama wapangaji.

8 Mei

Nimekasirishwa na mtu aliye kaburini, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda. Huwezi kumnunia maiti. Hata hajui umemnunia.

11 Mei

Nimekuwa nikiwaza hivi. Injini hii yeye aliitaka iwe mbovu. Ilikuwa mlango wake wa kujifichia. Nikiiunga ikinguruma, nitakuwa nimefungua alichokifunga kwa mikono yake. Talha aiuze mashua, watu wale chipsi. Labda ndiyo heshima yenyewe.

Sijamwambia mtu.

16 Mei

Mvua imepumzika. Nimekaa jikoni natazama lile kopo.

Mtu anayetaka injini ife angezitupa ringi mkondoni, au angeziacha barazani zipate kutu, au asingezinunua kabisa. Salumu alizinunua huku anajua hatakwenda tena baharini. Akazifunga nailoni mara mbili. Akatia mchele. Akaziweka mahali pakavu kuliko pote katika nyumba hii, juu ya kabati langu la jikoni, ambako alijua nitafika siku moja nikitafuta hiliki.

Alizitunza. Na vyuma alivifuta ili visipate kutu. Hakuwa anaiua. Alikuwa anaitunza kwa ajili ya mtu atakayeweza, na yeye hawezi, na hakuwa na namna ya kulisema hilo bila kuyasema yale mengine.

Hapo ndipo nikalia. Mwajabu alikuja na kanga akanifunika mabega, tukalia wote wawili, naye alikuwa amebeba lake peke yake muda mrefu kuliko mie. Nilikuwa nimesahau kwamba amefiwa na mdogo wake.

17 Mei

Nimefunua mabeseni. Mwajabu akavuta kigoda.

"Nishike nini?" akauliza.

18 Mei

Wifi yangu hatofautishi spana namba kumi na namba kumi na tatu, lakini ana vidole vya mtu aliyesuka ukili tangu utotoni. Ringi tatu, mianya yake isitazamane, na yeye ndiye aliyezibana kwa mkanda wa bati mie nikaisukuma pistoni ndani. Iliingia kwa sauti ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai. "Bismillahi," akasema, kisha: "Yaani hilo tu?"

24 Mei

Krenki, ule mhimili unaoipandisha pistoni, inazunguka. Mkono unaihisi ikipanda na kushuka.

30 Mei

Gasketi, vile vizibo vya kati ya chuma na chuma. Ile ya silinda Baba Blessing alituletea mpya kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani. Hizi ndogo za pembeni nimezikata mwenyewe kwenye karatasi yake maalumu, kwa mkasi wangu wa nguo. Nilipaka oili ukingoni mwa chuma, nikakandamiza karatasi, alama ikatoka, nikakata ndani ya mstari. Ni kazi ya kola tu. Baba Blessing aliomba nimrushie moja aione. Karatasi ikasikika inageuzwa, halafu: "Sista, mie mafundi wangu wanajazaga gundi tu. Njoo Mikocheni, nakupa ofisi."

"Yuko eda," Mwajabu akamjibu kwa ukali, na baadaye nikamwona anatabasamu peke yake kwenye ndoo.

2 Juni

Kufunga kichwa cha silinda. Bolti zinakazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mshazari, na spana ya kipimo tuliyoazimwa. Mie nakaza, Mwajabu anasoma namba. Ilipofika kipimo cha mwisho bolti moja ililia na sote tukaruka. Haikukatika.

7 Juni

Idi ya kuchinja. Talha kaleta nyama. Kaiona injini kwa mbali imesimama nzima juu ya magogo mawili, kaitazama sana.

12 Juni

Kusi limeanza, asubuhi kuna baridi. Nimefunga bomba la kuvutia hewa, lile lililopinda. Salumu alikuwa amelisafisha na kulifunga nailoni, kwa hiyo nilifungua nailoni nikalikaza lilivyo. Tenki la dizeli ni dumu la lita tano. Pipa la maji ya kuipoza liko tayari, mpira umeingia.

16 Juni

Tumeijaribu. Imegoma.

Unatoa upepo kwenye njia ya dizeli hadi mapovu yaishe. Mmoja anashika kiwiko kinachoachia pumzi ya silinda, mwingine anapiga hendeli, flaiwili, lile gurudumu zito la pembeni, ikishika kasi unaachia kiwiko. Mwajabu kwenye kiwiko, mie kwenye hendeli. Mara ishirini. Hata kukohoa haikukohoa.

17 Juni

Imegoma.

18 Juni

Baba Blessing anasema nozeli. Nimeifungua, inapiga mvuke mzuri wa dizeli, nimeiona kwa macho yangu. Si nozeli. Mabega yananiuma, hata kuchana nywele siwezi.

19 Juni

Talha amempigia dada yake simu. Mnunuzi anataka kuja Jumapili, siku ninayotoka eda. Aje au asije? Mwajabu akamjibu, "Jumapili haijafika," akakata simu.

Imegoma.

21 Juni

Leo alasiri Baba Blessing hakuketi kwenye stuli. Tulimsikia anatembea upande wake wa ukuta, huku na huko.

"Sista, tusikimbilie vifaa. Unapoachia kile kiwiko, hendeli inakuwaje mkononi? Inakugomea?"

"Haigomi. Inabaki nyepesi."

Hatua zikasimama. "Nyepesi namna gani?"

"Kama kuzungusha cherehani isiyo na nguo."

"Na kabla hujafunga lile bomba la hewa, ulipokuwa unaizungusha, ilikuwaga hivyo hivyo?"

Nikakumbuka. Haikuwa hivyo. Wiki ya mwanzo wa Juni niliizungusha kwa mkono na ilinirudisha nyuma.

"Basi haina pumzi! Ringi zako nzima, valvu zako nzima, hakuna hewa inayoingia! Fungua bomba, sista, fungua sasa hivi!"

Nati mbili. Nililishika lile bomba lililopinda nikachungulia mwangani. Sikuona upande wa pili. Nikaingiza vidole viwili, pale kwenye kona, nikagusa nguo.

Nikaivuta. Ilikuja taratibu, imebanwa, kipande kirefu cha kikoi cha samawati chenye mistari myeupe. Nilikijua. Kikoi kile alikuwa akikivaa ndani, kikachakaa, akawa anakichana vitambaa. Alikisokomeza mle vumbi lisiingie, na kwa jinsi alivyokaza, alitaka kikae muda mrefu. Nami nilikagua kila kitu isipokuwa bomba hilo, kwa kuwa lilikuwa limetoka mkononi mwake.

Kilikuwa kinanuka dizeli. Nilitaka kinuke yeye, lakini kilinuka dizeli, na baada ya kukishika kidogo nikaona ni harufu ile ile.

Mwajabu akanipokonya kwa upole, akakikunja, akakitia kifuani. "Funga bomba," akasema.

Nikafunga. Akashika kiwiko. Nikapiga hendeli, moja, mbili, tatu, flaiwili ikavuma, "Achia!" Akaachia. Hendeli ikanigomea kama mbuzi anayevutwa, ikapita, injini ikapiga chafya ya moshi mweupe. Kisha tena. Kisha ikashika.

Tu-tu-tu-tu-tu. Maji yakaruka kwenye pipa. Kuku wa Demetria wakakimbia. Upande wa pili wa ukuta mwanamume mzima alikuwa anapiga mayowe na kugonga bati, na Mwajabu, mwenye msimamo, mwenye kukunja uso, alipiga kigelegele kimoja kirefu akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alipoishusha alikuwa na masharubu ya oili.

22 Juni

Wamekuja alfajiri kunitoa eda. Wameniogesha, wamenivika dera jipya, udi umefukizwa hadi tukakohoa. Walisugua mikono yangu kwa ndimu na mchanga. Weusi ukapungua, mistari ikabaki. Shangazi mkubwa akasema tuiache, kila kitu kina siku yake ya kutoka.

Bi Salma alikuwepo. Alikaa karibu na Mwajabu, akaviona vidole vyake alipokuwa anamimina kahawa, akajisahau.

"He, Mwajabu! Na wewe umepaka?"

"Nimepaka," Mwajabu akasema. "Lete vyako."

Bi Salma akaficha mikono ndani ya mtandio, na wanawake wakacheka hadi shangazi akashika mbavu.

Talha alifika saa tano. Mnunuzi hakuja naye. Alisema jana alasiri alikuwa ufukweni anaongea na watu, akasikia mngurumo kutoka upande wa nyumbani, akageuka kutazama mkondo kama kaka yake anaingia. Akaomba aisikie tena. Mwajabu mwenyewe ndiye aliyepiga hendeli, shangazi mdogo kwenye kiwiko, na ikawaka mara ya pili tu.

"Nimeapa, siuzi," Talha akasema kwa sauti kubwa kuipita injini. "Lakini shemeji, nani ataiendesha?"

Wote wakanitazama. Nikajitanda mtandio.

"Ngoja kwanza nitoke getini," nikasema.

Nikatoka. Tangu Februari sijaugusa ule mlango. Barabara imechimbika kwa masika, duka la kona limepakwa rangi mpya. Nilitembea hadi nguzo ya umeme, nikapita msikiti, nikafika pale unapouona mkondo kwa mbali, nikasimama. Nilikuwa naisikia bado. Miaka kumi na moja niliisikia sauti ile nikiwa ndani na yeye akiwa nje, na sikuwahi kujiuliza ilivyo kuwa upande huu, kutembea ukijua kuna nyumba inakusikiliza.

Nilirudi polepole. Nilipofika mlangoni na kuinama kuvua viatu, Mwajabu alikuwa jikoni ameshainjika chai.